Kutendua Lililotendwa

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima nyingi ambazo sisi tunaoizungumza kila siku hupita juu yake bila kuziona. Tunafunga, kisha tunafungua. Tunakunja, tunakunjua. Tunapanga, tunapangua, tunaezeka, tunaezua, tunatega, tunategua. Tunaanika nguo asubuhi, na wingu likitanda tunaanua. Wanasarufi huiita hiyo kauli ya kutendua. Neno hugeuzwa kidogo tu mwishoni, na tendo zima likarudi lilikotoka.

Lakini hebu tazama, msomaji wangu, mahali lugha iliponyamaza. Tunasema, wala hakuna neno la kutendua kusema. Tunatukana, tunaumiza, tunashuhudia, tunaua. Hayo yote hayana mwenzake wa kurudi nyuma. Nadhani waliotuachia lugha hii hawakusahau. Walijua kwamba mlango uliofungwa hufunguka kwa sababu bado uko mbele yako na mkono wako unaufikia, ilhali neno likishatoka kinywani linaishi kwa mwingine, na huko mkono wako haufiki.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: mtu akikosa, kisha akakitafuta chanzo cha kosa lake na kukirekebisha kabisa, je, amelitendua kosa? Wengi wetu tungejibu upesi kwamba ndiyo, au angalau kwamba amefanya lililompasa. Mimi nami nilikuwa na jibu hilo. Nililiacha kwa sababu ya jambo dogo sana, kasoro ya programu ya kompyuta isiyozidi mstari mmoja, na kwa sababu ya watu watatu walioumizwa nayo.

Mwaka 2008 nilikuwa ninatunza kompyuta za chama kimoja cha ushirika katika mji wa bara. Zilikuwa mashine kuukuu, tumezitilia mfumo wa Linux kwa kuwa haukuwa na gharama. Wafanyakazi wa ofisi walilalamika kwamba programu kubwa za kuandikia barua zilizifanya mashine zile zikokote miguu. Basi nikakaa usiku kadhaa nikawaandikia programu ndogo ya kuhariri matini, nyepesi, yenye mambo machache wanayoyahitaji: kuandika, kukata, kunakili, kubandika, kutafuta, kuchapisha, na kutendua. Nilijivuna nayo kama seremala anavyojivuna na kiti chake cha kwanza. Kila nilipopita dirishani na kuona makarani wanaitumia, nilitembea kifua mbele.

Kutendua katika programu ya namna hiyo ni jambo la kutafakarisha hata bila kisa changu. Asiyeijua kazi hudhani kwamba ukibonyeza tendua, kompyuta hulifuta kosa. Sivyo. Kompyuta huweza kurudi nyuma kwa sababu tu imekumbuka kila hatua: hapa zilifutwa herufi tano, pale liliongezwa neno. Katika Emacs, programu iliyoanza mwaka 1976, kutendua kwenyewe huandikwa katika kumbukumbu kama tendo jingine, kiasi kwamba waweza kukutendua nako. Katika vi, aliyoiandika Bill Joy miaka hiyohiyo, palikumbukwa badiliko la mwisho peke yake. Ukibonyeza tendua mara ya pili, kosa lako linarudi. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyejitolea kufanya kazi kwa watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, na ambaye programu yake ya Vim huwaomba watumiaji wawakumbuke watoto hao, alifika mbali zaidi. Tangu toleo la 7 la mwaka 2006, hata ukirudi nyuma na kuandika mambo mapya, yale uliyoyaacha hayapotei. Hubaki kama tawi jingine la mti. Moolenaar alifariki mwaka 2023, lakini tawi hilo lingali linachipua katika mashine nyingi duniani.

Kwa hiyo kutendua ni kukumbuka. Mashine isiyokumbuka haiwezi kurudi nyuma. Shika neno hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa nieleze kidogo kuhusu kunakili, maana hapo ndipo kasoro ilipojificha. Amri za kukata na kubandika kama tunavyozijua leo zilitokana na Larry Tesler na Tim Mott, katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, katikati ya miaka ya 1970. Waliwaangalia wahariri wa vitabu waliokuwa wakikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi, wakayaiga hayo katika kompyuta. Ila katika mfumo wa madirisha uitwao X, ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984 na ambao ndio tuliokuwa nao ofisini, kuna na njia ya mkato. Ukiyachagua tu maneno kwa kipanya yakapata rangi, yamekwisha kuwa tayari. Unakwenda dirisha jingine, unabonyeza kitufe cha kati cha kipanya, nayo yanatokea.

Wengi hudhani kwamba maneno hayo yametiwa kibindoni mahali fulani. Hayakutiwa. Programu uliyoyachagua ndani yake hutangaza tu: mwenye maneno sasa ni mimi. Anayetaka kubandika huelekezwa kwake aombe. Na programu nyingine ikitangaza vivyo hivyo, ile ya kwanza hunyang'anywa haki hiyo papo hapo, wala mtumiaji haambiwi lolote. Mwenye neno ni mmoja tu kwa wakati mmoja.

Katika programu yangu nilitaka kutendua kupendeze. Ukifuta maneno yaliyochaguliwa kisha ukatendua, niliona vema maneno yarudi na rangi yake, ili mtu aone mara moja kilichorudi. Nikalipata nililolitaka. Sikukumbuka kwamba mahali pengine ndani ya programu nilikuwa nimeandika kwamba kila maneno yanapopata rangi, programu itangaze kuwa ndiyo mwenye neno. Hivyo mtu alipotendua kosa lake katika barua, programu yangu ilinyakua haki ya neno kutoka dirisha jingine, kimyakimya. Alidhani anarudisha chake. Kumbe wakati huohuo alikuwa anapokonya cha jirani.

Ijumaa moja, saa kumi jioni, karani wetu alikuwa anaandika barua ya onyo kwa mlinzi mmoja kijana aliyeacha lindo bila ruhusa. Aliichukua barua ya zamani kama kiolezo, akaacha wazi mahali pa jina juu. Chini, penye nakala, palikuwa na jina la mlinzi mkuu, ambaye kwa utaratibu hupelekewa nakala ya barua zote za walinzi. Kwa haraka ya Ijumaa karani akalichagua jina hilo la chini akalifuta. Akaenda kwenye dirisha la orodha ya watumishi, akalichagua kwa kipanya jina la yule kijana. Aliporudi kwenye barua akagundua kwamba jina la chini halikupaswa kufutwa. Akatendua. Jina la mlinzi mkuu likarudi mahali pake, na rangi yake. Akapanda juu penye nafasi wazi, akabonyeza kitufe cha kati akiamini anabandika jina la kijana.

Likabandikwa jina la mlinzi mkuu.

Bahasha iliandikwa kwa kufuata jina la juu. Meneja alitia sahihi akiwa amekwisha kushika funguo za gari. Hakuna aliyeshangaa kwamba mtu yuleyule anaonywa juu na kupelekewa nakala ya onyo lake chini.

Yule mzee alikuwa amelinda ghala la chama kwa miaka kumi na tisa. Jumatatu asubuhi alikuja ofisini kwa meneja, akaweka shada la funguo mezani, akasema, "Bwana Meneja, ikiwa mimi ni mtoro, funguo hizi hazifai kukaa kwangu." Akageuka akaenda zake. Kosa lilionekana dakika hiyohiyo. Meneja alimfuata nyumbani, akamwomba radhi, na baada ya siku tatu mzee akarudi kazini. Kisha karani akaitwa.

Karani aliapa kwamba alilichagua jina la kijana. Meneja akaniita mimi, mjuzi wa mambo hayo, akaniuliza mbele ya karani, "Fundi, mashine yaweza kubadilisha jina yenyewe?"

Nikamjibu, "Haiwezekani. Kompyuta haikosei, hukosea mikono."

Sikwenda kuitazama programu. Sikumwomba karani anionyeshe alivyofanya. Nilitabasamu hata, kama mtu aliyeulizwa kama jua laweza kuchomoza magharibi. Karani akapewa barua ya onyo, ikaingia katika jalada lake, naye mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka.

Mwezi mmoja baadaye nilikuwa ninaandika taarifa yangu. Nikafuta kitu, nikachagua namba katika dirisha jingine, nikarudi, nikatendua, nikabandika. Likatokea jambo ambalo sikulichagua. Nikarudia. Likatokea tena. Nilikaa nikikitazama kioo, na kitu cha kwanza nilichokisikia masikioni ilikuwa sauti yangu mwenyewe ikisema haiwezekani.

Kurekebisha hakukuchukua hata nusu saa. Niliongeza sharti moja: programu isitangaze kuwa mwenye neno isipokuwa pale mkono wa mtu ndio uliochagua, kutendua kuyarudishe maneno na rangi yake, lakini kusiguse kilicho nje ya barua. Nikajaribu mara ishirini. Kasoro imekwisha.

Hapo ndipo nilipofikia swali langu la mwanzo, maana usiku ule nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuitia programu mpya katika mashine zote asubuhi, nikasema nimefanya maboresho madogo, na hakuna ambaye angejua. Chanzo cha kosa kimeondolewa. Halitatokea tena kwa mtu mwingine yeyote. Je, si hilo ndilo linalotakiwa? Nilijitetea vizuri sana usiku ule. Nilijiambia kwamba kasoro za programu hazina mtu asiyezipata, kwamba sikukusudia, kwamba mzee amekwisha kuombwa radhi, kwamba yaliyopita si ndwele.

Utetezi huo ulikuwa na ukweli ndani yake, nao ndio uliokuwa hatari. Ni kweli kwamba kuikosea programu si dhambi. Seremala naye huacha mwiba ubaoni asiouona. Lakini nilipozidi kupima niliona kwamba nilikuwa nimechanganya makosa mawili. La kwanza lilikuwa la mstari mmoja, nalo nilikuwa nimelirekebisha. La pili lilikuwa ushahidi. Niliulizwa jambo linalohusu riziki ya mtu, nikajibu kwa uhakika nisiokuwa nao. Hilo halikuwa ndani ya programu, na wala nisingeweza kulirekebisha kwa kuigusa programu. Neno lile lilikuwa limetoka mkononi mwangu, likaingia katika jalada la mtu, na hapo ndipo lilipokuwa likiishi. Kila atakayelifungua jalada lile atakuta kwamba karani ni mzembe na tena mwongo, kwa kuwa fundi alithibitisha.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kumfariji mwenye kosa: imekwisha kuwa, tuendelee. Mimi naiona ina upande mwingine. Maji hayazoleki, ndiyo, lakini aliyeyamwaga anaweza kusema ni yeye, ili asichapwe mtoto aliyekutwa karibu na ndoo.

Asubuhi nikaenda kwa meneja kabla sijaigusa mashine yoyote. Nilitaka kwanza aione kasoro kwa macho yake. Nikamwonyesha: futa, chagua kule, rudi, tendua, bandika. Alinyamaza kitambo, kisha akaagiza karani aitwe. Mbele yake nikasema, "Ndugu yangu, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo. Nilipaswa kutazama kabla ya kusema."

Karani hakunikumbatia wala hakunitukana. Alimgeukia meneja akaomba barua ya onyo inyofolewe katika jalada lake. Meneja akakataa. Alisema kurasa za jalada zina namba na hazinyofolewi; atakachofanya ni kuweka barua nyingine inayoifuta ile ya kwanza na kueleza sababu. Karani alitoka amenuna, nami wakati ule nilimwona meneja kuwa mtu wa karatasi asiye na huruma.

Leo sina hakika tena kwamba meneja alikosea. Ukurasa ungenyofolewa, lingebaki pengo la namba, na pengo huzaa maneno: kulikuwa na nini hapa? Barua ya pili ilisimama karibu na ya kwanza kama tendo la kutendua linavyosimama karibu na lile linalotenduliwa, vyote viwili vimeandikwa. Aliyetaka kumdhulumu karani baadaye angelazimika kusoma na la pili. Hata hivyo siwezi kumwambia karani asinune. Rahisi kuisifu kumbukumbu wakati jalada si lako.

Jioni nikaenda kwa mzee. Alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamweleza yote kwa lugha nyepesi. Nilidhani itakuwa kazi rahisi, kwa sababu yeye alikwisha kuombwa radhi. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nilijua siku ileile kwamba si mimi. Sikuwa na haja ya kuambiwa. Lakini macho yangu hayasomi tena herufi ndogo. Barua ile alinisomea mjukuu wangu. Alisoma kwa sauti, hapahapa, bibi yake anasikia. Alipofika penye neno kuacha lindo akanitazama. Tangu siku ile hajaniuliza, nami siwezi kujitetea kwa mtoto. Kama umekuja kurudisha, mrudishie yeye."

Meneja alikuwa amekwenda nyumba ile, akaomba radhi, akaipasua barua. Mimi nilikuwa nimerekebisha mstari wangu. Sote wawili tulidhani tumemaliza, na kosa lilikuwa limekaa mle ndani, kwa mtoto wa darasa la sita, kwa mwezi mzima. Hakuna mtu aliyemfuata huko, kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza neno lile lilifika wapi.

Kijana akaitwa. Nikamweleza kwamba barua aliyoisoma ilikuwa na jina lisilo lake, kwamba ni kosa la programu niliyoiandika mimi, na kwamba babu yake hakuacha lindo.

Akafikiri. Akauliza, "Hata siku nyingine hajawahi kuacha?"

Nilifungua kinywa kusema hajawahi. Kisha nikakumbuka nilivyosema haiwezekani. Nikamwambia, "Hayo siyajui, mwanangu. Ninaijua barua ile, na katika barua ile babu yako hana kosa."

Mzee alicheka hadi akajifuta machozi. Kwa mara ya kwanza siku ile nilihisi kuna kitu kimerudi mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji wangu, jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba kurekebisha chanzo ni wajibu, lakini kunawafaa watu wa kesho. Walioumia jana hawapati kitu kwa marekebisho hayo. Deni lao hulipwa kwa kazi nyingine kabisa, ya kukumbuka hatua kwa hatua neno lilitoka vipi, likapita kwa nani, likafika wapi, na kulifuata huko kwa miguu. Anayetaka kusahau upesi hawezi kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana nilisema tushike lile neno, kwamba kutendua ni kukumbuka. Na hata ukifanya yote hayo hutayarudisha mambo yakawa kana kwamba hayakuwa. Lugha yetu haikutudanganya juu ya hilo.

Karani aliongezewa mkataba. Tulifanya kazi pamoja miaka mitatu zaidi, kwa heshima, ingawa si kwa urafiki wa kwanza. Alikuwa na desturi mpya: kila jina alilolibandika katika barua alilisoma kwa sauti mara mbili, hata nikiwa nimekaa karibu yake, na sikuwahi kumwambia kwamba kasoro imekwisha na hakuna haja. Mimi nami nilipata desturi yangu. Mtu akija kuniambia kwamba mashine imefanya jambo ambalo najua haiwezi kulifanya, ninavuta kiti, ninakaa kando yake, ninamwambia, "Nionyeshe."